Palipowashinda Google, betri ya BL-5C ilifaulu

Ingia duka lolote la vifaa vidogo vya umeme, liwe Kariakoo, Luthuli Avenue au kwenye senta ya kijijini, utaikuta inaning'inia ukutani: betri bapa, fupi, iliyoandikwa BL-5C. Nokia waliitumia kwenye simu zao za vitufe mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikiwemo Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani kote. Nyingi ya simu hizo zimeshakufa. Betri yake ipo, na kazi imeongezeka: inaendesha redio ndogo za FM, spika za kuchomeka flashi, tochi, na simu za vitufe za makampuni yasiyohusiana kabisa na Nokia. Redio ikianza kuzima baada ya nusu saa, mwenyewe hawazi kununua nyingine. Anakwenda dukani, anasema "nipatie BL-5C", anafungua mfuniko kwa ukucha, anaitumbukiza, taarifa ya habari inaendelea.

Linganisha na mradi uliotangazwa kwa kelele nyingi kuliko yote katika ubunifu wa vifaa vinavyotengenezeka vikiharibika. Septemba 2013, mbunifu wa Kiholanzi Dave Hakkens alitoa video ya wazo aliloliita Phonebloks: simu ya vipande vinavyochomoka, kamera ikipitwa na wakati unabadilisha kamera tu, betri ikichoka unabadilisha betri tu. Video ilisambaa kwa kasi. Mwezi uliofuata Motorola, iliyokuwa mali ya Google wakati huo, ikatangaza kwamba tayari ilikuwa inafanyia kazi simu ya namna hiyo, Project Ara. Fedha zilikuwepo, wahandisi walikuwepo, watu walikuwa wanaisubiri. Septemba 2016 mradi ukafungwa bila simu hata moja kufika dukani.

Mtu yeyote anayetaka kubuni kifaa kipya kinachotengenezeka aanzie hapo: kwa nini betri ambayo hakuna aliyeipangia mustakabali imeishi miaka yote hii, na simu iliyobuniwa makusudi iishi muda mrefu haikuzaliwa?

Vipande vingi, tatizo lilelile

Kukifanya kipande kichomoke kuna gharama ambayo video haikuionesha. Kipande kilichogandishwa kwenye bodi kwa lehemu hakihitaji ganda lake, wala kitu cha kukishikilia, wala nafasi ya kidole kupita. Kikishakuwa cha kuchomoka kinahitaji vyote hivyo. Kwenye Ara kila kipande kilibeba ganda lake, miguso yake ya umeme, na njia yake ya kuzungumza na vipande vingine kwa itifaki iliyoitwa UniPro. Matoleo ya mwanzo yalikuwa pia na sumaku maalumu za kushika vipande visidondoke. Yote hayo hula nafasi ambayo ingekuwa ya betri, huongeza unene, na hunywa chaji.

Kilichofuata kinasikitisha zaidi. Katika toleo lililooneshwa mwaka 2016, wahandisi walikuwa wamevirudisha prosesa, kioo, antena na betri ndani ya fremu, visichomoke tena. Vilivyobaki huru vilikuwa kamera, spika na vikorokoro vya ziada. Yaani kioo na betri, vitu viwili vinavyowafanya watu watupe simu kila siku, ndivyo vilivyofungiwa ndani.

LG nao walijaribu mwaka huohuo kwa G5. Ulibonyeza kitufe ubavuni, ukavuta sehemu ya chini ya simu ikatoka pamoja na betri, ukapachika mshikio wa kamera au kipande cha kuboresha sauti. Simu ilizima kila ulipobadilisha. Mwaka 2017 ikaja G6 yenye mwili mmoja uliofungwa, na walionunua vipande vya G5 wakabaki navyo mkononi. Motorola, kwa simu zake za Moto Z, ilikuwa na msimamo kidogo: ilishikilia umbo lilelile la mgongo hadi Moto Z4 ya mwaka 2019 ili vipande vya zamani viendelee kuingia. Ahadi hiyohiyo ikaifunga isiweze kubadilisha ukubwa wa simu zake.

Miradi yote mitatu ilikuwa na kasoro moja. Vipande vyake vilikuwa vya kuongeza uwezo, na uhai wake ulitegemea kampuni moja iamue kuendelea kuvitengeneza. Kampuni ilipobadili mawazo, mfumo mzima ulikufa.

Kilichoibakiza BL-5C

Ichukue mkononi uitazame. Urefu ni takriban milimita 53, upana 34, unene haufiki 6. Ukingoni mwa upande mfupi kuna miguso mitatu: chanya, hasi, na mmoja wa katikati ambao simu ya Nokia iliutumia kuitambua betri, redio nyingi za bei nafuu hazihangaiki nao. Volti ni 3.7. Ndani, kwenye ile ya halali, kuna bodi ndogo ya ulinzi inayokata umeme betri ikijazwa kupita kiasi au ikipata shoti. Anayejua hayo machache anaweza kutengeneza kifaa kinachoitumia bila kumwandikia mtu barua ya kuomba ruhusa.

Ndivyo ilivyotokea. Mtengenezaji wa redio aliyeichagua betri hiyo alipata bure mtandao wa maduka uliokwishafika hadi vijijini. Redio zake nazo zikaongeza wateja wa betri, wenye maduka wakaona hasara kutokuwa nayo, na mtengenezaji aliyefuata akakuta uamuzi umeshafanyika. Nokia ilipoacha kutawala soko la simu, betri haikuwa inaitegemea tena.

Isichukuliwe kwamba kila kitu kilikwenda salama. Betri bandia zisizo na bodi ya ulinzi zilijaa sokoni na bado zipo. Hizo ndizo zinazovimba na kupandisha mfuniko wa redio. Hata za asili zilikuwa na doa: mwaka 2007 Nokia ilitoa onyo kuhusu BL-5C zipatazo milioni 46 zilizotengenezwa na Matsushita, kwa kuwa baadhi zilipata joto kali zikiwa kwenye chaji, na ikajitolea kuwabadilishia wateja. Kipuri kinachotengenezwa na kila mtu kinahitaji mtu wa kukipima. Hilo nitalirudia.

Kutokana na historia hiyo napendekeza kipimo kimoja, na mawazo yote yanayofuata nimeyapima nacho: kifaa kinatengenezeka pale ambapo sehemu yake inayokufa kwanza inauzwa na mtu ambaye siye aliyekuuzia kifaa. Kufunguka kwa bisibisi ya kawaida kunasaidia, video ya maelekezo inasaidia, lakini bila kipuri kwenye duka la tatu ukishuka mtaa, kifaa kilichofunguka vizuri kinabaki kimefunguka tu.

Kompyuta ya mezani inafaulu mtihani huo. IBM walipotoa kompyuta yao binafsi mwaka 1981 waliiacha wazi kiasi kwamba wengine waliweza kutengeneza kadi na sehemu zinazoingia ndani yake, na mwaka 1995 Intel wakaleta kiwango cha ATX kinachosema bodi iwe na ukubwa gani, matundu ya parafujo yakae wapi, pawa saplai itoe volti zipi. Ndiyo sababu kompyuta ya stationery ikiunguza pawa saplai asubuhi, mchana inaprinti tena.

Kwa laptop, mrithi wa karibu ni Framework, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa na Nirav Patel, iliyoanza kuuza laptop yake ya kwanza mwaka 2021. Bodi za prosesa mpya zilizotoka miaka iliyofuata zinaingia kwenye ganda lilelile la 2021. Matundu ya pembeni ni vikadi vinavyochomoka, na kinachoviunganisha kwa ndani ni USB-C ya kawaida kabisa, kwa hiyo mtu wa nje anaweza kubuni kikadi chake. Bodi ya zamani ukiitoa inawaka peke yake bila kioo wala betri, ukaifanya kompyuta ya pili. Bei yake bado ni ya watu wenye uwezo, lakini imethibitisha kwamba laptop nyembamba si lazima ijazwe gundi.

Tuanze na wagonjwa

Wabunifu wengi huanza na ndoto ya kifaa kizuri. Mimi ningeanza kwenye meza ya fundi, kwa kuuliza nini kinaletwa kila wiki.

Televisheni ni mfano bora. Mteja anasema "sauti ipo, picha hakuna". Fundi anazima taa ya chumba, anamulika tochi kwenye kioo kwa karibu, na kwa mbali anaona watu wanatembea gizani. Picha ipo. Kioo ni kizima, bodi ni nzima. Kilichokufa ni taa za nyuma: kanda nyembamba zenye LED ndogondogo zilizoungwa mfululizo, moja ikikatika njia ya umeme imekatika na kundi lake lote linazima. Kipuri ni cha bei ndogo. Kazi ndiyo ngumu. Inabidi avue fremu, ainue kioo chenyewe, chembamba na kipana, huku utepe laini wa saketi ukining'inia ukingoni, kisha aondoe karatasi za kusambaza mwanga moja baada ya nyingine akikumbuka mpangilio, ndipo azifikie taa. Kwa inchi 43 na kuendelea wanahitajika watu wawili. Kidole kikibonyeza vibaya, au utepe mmoja ukichanika, televisheni iliyokuwa na tatizo dogo inakuwa mfu kweli. Fundi mzoefu akimaliza hupunguza mkondo wa umeme unaokwenda kwenye taa, maana anajua kiwandani huziendesha kwa nguvu ili picha ing'ae dukani, na nguvu hiyo ndiyo inayoziua.

Wazo langu la kwanza, basi, ni televisheni ambayo taa zake zinabadilishwa kwa nyuma. Kanda za LED hubandikwa kwenye bamba la chuma lililo mgongoni. Bamba hilo likatwe madirisha marefu, kila dirisha na kifuniko chake cha alumini kwa parafujo mbili, na kanda ibandikwe kwenye kifuniko. Ukiifungua parafujo, kifuniko kinatoka na kanda yake, kioo hakijaguswa. Alumini itapunguza joto la taa, jambo litakaloziongezea maisha. Pembezoni uwekwe mpira wa kuzuia vumbi, kwa sababu vumbi likiingia kati ya taa na kioo litaonekana kama madoa. Kwenye menyu kuwe na chaguo la kuweka ukomo wa mwangaza, yaani kile fundi anachofanya kwa pasi ya lehemu kifanyike kwa rimoti. Hakuna teknolojia mpya humo hata moja.

Televisheni hizohizo zina somo lingine ambalo halisemwi vya kutosha. Bodi kuu ikiungua na ya asili haipatikani, mafundi huweka bodi ya jumla, zile za V56 na V59, wakaipakia programu inayolingana na kioo. Inawezekana kwa sababu njia inayopeleka picha kwenye kioo, LVDS, ni ya pamoja kwa watengenezaji wengi. Modula, yaani vipande vya kubadilishana, zimekuwa zikifanyiwa kazi mtaani kwa miaka, bila kampuni yoyote kuzitangaza.

Kipande kinachokubali kufa

Nalipenda wazo hili kuliko mengine, kwa kuwa limezaliwa na umeme wetu. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kinachokufa kwanza ni sehemu ya mapokezi ya kifaa: fyuzi na varista. Varista ni kidude cha duara chenye miguu miwili. Volti zikiwa za kawaida hakipitishi umeme; zikiruka juu ghafla kinageuka njia, kinaumeza mruko, na ukiwa mkubwa kinakufa pamoja na fyuzi ili vilivyo nyuma yake vipone. Ni askari wa mlangoni. Ubaya ni kwamba amegandishwa kwenye bodi moja na familia nzima, kwa hiyo akifa kifaa chote kinapelekwa kwa fundi, na wengi hukitupa.

Soko limeshajibu kwa njia yake: fridge guard na ndugu zake, visanduku vinavyokaa kati ya soketi na kifaa. Mimi ningetaka sehemu hiyo iingie ndani. Kadi yenye ukubwa wa kiberiti, yenye fyuzi na varista, inayoingia kwenye mlango mdogo nyuma ya kifaa. Kadi iwe ya umbo moja kwa televisheni, jiko la presha la umeme, king'amuzi na spika kubwa, itofautiane tu kwa ampea, na tofauti hiyo ioneshwe kwa rangi na kwa jino linalozuia ya ampea kubwa kuingia panapotakiwa ndogo. Ikifa, kijidirisha chake kinageuka cheusi. Mwenye nyumba ananunua nyingine dukani.

Usalama hapo hauna mjadala, kwani huo ni umeme wa volti 230. Tundu la waya wa umeme liwekwe juu ya kadi yenyewe, ili isiwezekane kuitoa kadi bila kwanza kuchomoa waya. Na kadi haitasaidia kila kitu: umeme hafifu unaochosha kompresa ya friji hauzuiwi na varista, kwa hiyo friji litaendelea kuhitaji kifaa cha kukata na kusubiri.

Nyumba ya tundu moja

Hesabu adapta zilizo nyumbani kwako. Ruta ina yake ya volti 12, spika ina yake, taa ya sola ina yake, laptop ina yake, na plagi nyingi ni zile za duara zinazofanana kwa macho lakini hazilingani. Adapta ikifa, kifaa kizima kinakaa kabatini.

USB-C imefungua njia hapa. Kiwango chake cha kutoa umeme kinaruhusu chaja na kifaa kuzungumza kwanza: kifaa kinaomba volti 5, 9, 15 au 20, chaja inatoa kilichoombwa, na tangu 2021 kiwango hicho kinafika hadi wati 240. Umoja wa Ulaya umelazimisha tundu hilo kwa simu na vifaa vingi vidogo tangu Desemba 28, 2024. Kwa hiyo feni ya mezani, ruta, redio, taa, hata televisheni ndogo vinaweza kutengenezwa bila adapta yake kabisa. Adapta inakuwa kipuri cha pamoja, na sola nayo inaweza kuingia: betri ya nyumbani yenye matundu manne ya USB-C inaendesha kila kitu bila kubadilisha umeme kwenda 230 na kurudi, safari inayopoteza nguvu bure.

Ndani ya betri hiyo ya nyumbani ningeweka seli za lithiamu za chuma na fosfeti. Ni nzito kidogo kwa chaji ileile, lakini huvumilia kuchajiwa mara elfu kadhaa, haziwaki moto kirahisi, na hazina kobalti. Kobalti karibu asilimia 70 ya inayochimbwa duniani inatoka Kongo, nyingi katika eneo la Kolwezi na Likasi ambako wachimbaji wanaongea Kiswahili kama mimi na wewe. Fairphone ya Uholanzi ilianza mwaka 2010 kama kampeni kuhusu madini ya Kongo kabla haijawa kampuni ya simu. Betri inayodumu mara tatu ni mashimo machache ya kuteremka.

Kuhusu power bank nitasema kwa kifupi. Tayari yapo maganda matupu yanayouzwa uweke seli zako za 18650, zile za milimita 18 kwa 65. Wazo ni jema, ila seli zenye chaji tofauti zikiunganishwa sambamba, iliyojaa huimwagia iliyopungua mkondo mkubwa. Ganda jipya liwe na mlango wa ulinzi kwa kila seli peke yake. Na ukiona seli ya 18650 imeandikwa 9,900 mAh, iache. Seli bora za ukubwa huo kwa miaka mingi zilikaa karibu na 3,500.

Vipokea sauti vidogo vya masikioni ndivyo vinavyokufa vikiwa na umri mdogo kuliko vyote. Ndani ya kila kimoja kuna seli ndogo, na gundi imeziba kila upenyo, kwa hiyo baada ya miaka miwili hivi sikio moja linazima kabla ya jingine na vyote vinatupwa. Fairphone walitoa Fairbuds mwaka 2024 ambazo betri zake zinabadilishwa. Basi hakuna anayeweza kudai kwamba jambo hilo haliwezekani.

Simu inahitaji milango mitatu

Baada ya miaka yote ya kuota simu ya vipande ishirini, nadhani simu inahitaji milango mitatu: kioo, betri na tundu la chaji. Fairphone 2 ya Desemba 2015 ilionesha kwamba inawezekana kubadilisha kioo bila joto wala gundi, na mwaka 2020 kampuni hiyo ikauza kamera bora za Fairphone 3+ ambazo wenye Fairphone 3 walizipachika wenyewe. Hilo la kamera ni zuri, ila si la dharura.

Kinachonitia moyo ni kwamba simu nyingi za bei ya kati tunazotumia tayari zina mlango mmoja uliofichwa. Tundu la chaji halikai kwenye bodi kuu, linakaa kwenye bodi ndogo ya chini iliyounganishwa kwa utepe. Fundi anaibadilisha kwa muda mfupi. Kinachomchelewesha ni kufika huko: mgongo umegandishwa, anaupasha kwa hewa ya moto, anapitisha kadi ya plastiki taratibu, betri nayo imelalia gundi na ikikunjwa inaweza kuwaka. Watengenezaji husema gundi ni ya kuzuia maji. Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa na mgongo wa kubandua kwa kucha, betri ya kutoa, na kinga ya maji ya kiwango cha IP67. Mpira mmoja mwembamba kwenye mfuniko ulifanya kazi hiyo.

Kufuli lisiloonekana kwa macho

Mtu anaweza kujenga milango yote hiyo kisha programu ikaifunga. Kipande kinapewa namba, bodi kuu inaikumbuka, na ukiweka kipande kingine, hata cha asili kutoka simu nyingine ya aina ileile, kitu fulani kinakataa. Mwaka 2021 waliobadilisha kioo cha iPhone 13 nje ya mfumo wa Apple walipoteza utambuzi wa uso mpaka wahamishe chipu ndogo chini ya darubini. Baada ya malalamiko Apple ililegeza hilo kwa sasisho. Jimbo la Oregon nchini Marekani likapitisha sheria mwaka 2024 inayopiga marufuku kufuli za namna hiyo kwa vifaa vipya kuanzia 2025.

Kwetu kufuli lina sura ya pili, mkopo. Taa za sola na simu za kulipa kidogokidogo huzimwa kwa mbali mteja akichelewa. Naelewa kwa nini, bila kufuli hilo wengi wasingekopeshwa. Lakini kufuli linapaswa kushika kifaa kwa muda wa deni tu. Likimalizika, mteja apate uhuru wa kuweka betri ya duka lolote, na hilo liandikwe kwenye mkataba kwa maneno anayoyasoma.

Programu pia huzeesha kifaa kilicho kizima. Mtengenezaji wa chipu akiacha kuitunza, mtengenezaji wa simu anahangaika. Fairphone waliipatia Fairphone 2 masasisho kwa takriban miaka saba, kwa jasho, muda mrefu baada ya Qualcomm kuiacha chipu yake. Kwa Fairphone 5 ya mwaka 2023 wakachagua chipu ya viwandani, aina inayotunzwa na mtengenezaji kwa muda mrefu zaidi kuliko za simu. Uamuzi huo haupendezi kwenye tangazo, lakini una uzito kuliko parafujo kumi.

Nani atengeneze, nani apime

Ulaya wameanza kulazimisha. Tangu Juni 20, 2025 simu na tableti zinazouzwa huko lazima ziwe na vipuri kwa miaka saba baada ya modeli kuacha kuuzwa, na alama ya kutengenezeka ioneshwe kwenye lebo. Kuanzia Februari 18, 2027 betri za vifaa vya kubeba ziwe za kutolewa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa kwa vifaa vichache. Sehemu ya faida hiyo itatufikia bila sisi kufanya lolote, kwa sababu kiwanda hakipendi kutengeneza maganda mawili tofauti ya simu moja. Lakini sheria za Ulaya zinawajua wateja wa Ulaya. Hazitaji mruko wa umeme, vumbi, wala simu ya mkopo.

Shirika la Viwango Tanzania na lile la Kenya tayari hupima vifaa vinavyoingia. Ningependa waanze na jambo dogo: karatasi moja ya kiwango cha betri bapa, yenye vipimo, miguso, volti na lazima ya bodi ya ulinzi, kisha alama ya kuonesha kwamba imepimwa. BL-5C ilipata kila kitu isipokuwa alama hiyo.

Na viwanda vya kuunganisha simu, kama kile cha Athi River kilichoanza mwaka 2023, vina nafasi ambayo muagizaji wa simu kamili hana. Simu huingia humo zikiwa vipande: kioo peke yake, betri peke yake, bodi ndogo ya chini peke yake, vikiwa vimepangwa kwenye trei. Kuongeza trei moja ya vioo na moja ya betri kwa kila agizo, zikapelekwa kwa mafundi badala ya kwenye mstari wa kuunganisha, ni suala la oda. Atakayeanza kuuza simu na vioo vyake siku moja, kwa bei iliyotangazwa, atakuwa amefanya kile ambacho Ara haikufika kukifanya.